Kitawi cha Wannes

Penseli ilikwenda chini. Godelieve alikuwa amemsimamisha binti yake Hilde kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, visigino vikigusa ubao, kidevu sawa, akamlazia kitabu cha sala kichwani na kupiga mstari, kama alivyofanya kila Pasaka tangu mtoto aanze kusimama. Mstari ukaangukia chini ya ule wa mwaka jana kwa upana wa kidole. Akamwambia asimame vizuri, aache uvivu. Hilde akasema amesimama vizuri. Wakapima tena, wakapima mara ya tatu, na penseli ikarudi palepale.

Remi, mumewe, alikuwa mezani anapaka siagi mkate wa zabibu wa sikukuu. Aliona ni mchezo mzuri.

"Labda sakafu imepanda," alisema. "Mtoto wa miaka tisa hapungui, mama Hilde. Vikongwe ndio hupungua. Muulize Zulma."

Godelieve akacheka kidogo ili mambo yaishe, akaufuta mstari kwa kidole chenye mate. Lakini alipoinama kumvua mtoto viatu vya misa, nywele zake zilimpita puani, na moyo ukamlipuka. Mtoto alinuka mbuksi.

Mtu asiyewahi kuishi na mibuksi hawezi kuielewa harufu hiyo. Kijiji kile, upande wa huku wa mji wa Wetteren, kilikula na kuvaa kwa miche, na nusu ya miche yenyewe ni mibuksi, mti wa vijani vidogo vigumu kama kucha za mtoto, wa kijani kiangazi na hata kwenye theluji. Wenye majumba makubwa huununua ukiwa umekatwa umbo la tufe, la pia, la tausi, au la chochote tajiri alichokiota usiku. Ni mti mpole. Hukua taratibu mpaka unamchosha mtu, vidole viwili kwa mwaka, na jua likiupiga baada ya mvua hunuka mkojo wa paka. Wenyeji husema wameizoea. Wengine husema wanaipenda, na hao mimi siwaamini. Sasa siku ile jua halikuwepo, na nywele za mtoto zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni asubuhi hiyohiyo.

Godelieve alijua harufu imetoka wapi, na ndiyo maana hakuuliza kitu.

Nje ya mlango wa jikoni, hatua nne kutoka kwenye pampu ya maji, ulisimama mbuksi mmoja peke yake, mbali na safu za biashara. Ulikuwa na umri wa miaka sita. Mbuksi wa miaka sita haupiti goti la mtu mzima, lakini huu ulimfika Godelieve kifuani. Remi aliuonea fahari jamani, utadhani ameuzaa yeye. Kila mkulima mwenzake aliyefika pale alivutwa mkono akauone, na wakimuuliza umelishwa nini alijibu damu kavu na pembe za kusaga, kama wanavyolisha wote, ila kwa mkono wenye baraka. Baraka ya nani, hakujua. Hakuwahi hata kuuliza ule mche ulitoka shamba gani.

Ulitoka kwenye maiti ya mtoto wao.

Wannes alikufa kwa kifaduro akiwa na miezi kumi na minne, Jumatatu ya Wiki Takatifu. Alilazwa sebuleni siku tatu, na kama ada ya kwao ilivyo, kando ya kitanda iliwekwa sahani ya maji ya baraka na kitawi cha mbuksi kilichobarikiwa Jumapili ya Matawi. Kila anayekuja kuhani hukichovya kile kitawi na kumnyunyizia maiti ishara ya msalaba. Huwa ni kitawi kilichokaa miezi mingi nyuma ya msalaba ukutani, kikavu, kinachopukutika ukikigusa. Cha Wannes kilikuwa kimebarikiwa jana yake tu. Kilikuwa kibichi, na kilikaa ndani ya maji siku tatu, kikipita mikononi mwa kijiji kizima.

Baada ya mazishi, Zulma, jirani yao, mwanamke ambaye ndiye aliyewaosha wafu wote wa mtaa ule, alimkabidhi Godelieve kile kitawi na kumwambia kwa sauti ya chini akitie motoni. Asikitupe, asikihifadhi, akitie motoni. Godelieve akaenda jikoni, akafunua jiko la makaa, akakitazama. Kilikuwa kimekatwa mshazari, chini ya fundo, kikiwa na kisigino kidogo cha gome, vilevile alivyokata yeye maelfu kwa maelfu tangu usichana. Mkono wa watu wale haujui kuchoma kitawi kilicho hai. Akarudisha mfuniko, akatoka nje na kukichomeka kwenye udongo karibu na pampu, akakandamiza kwa kidole gumba. Alijiambia atakichoma kesho.

Mwezi wa sita kikatoa majani mapya. Tuseme ukweli: alifurahi. Alifurahi kama mwizi, peke yake, na hakumwambia mtu.

Basi akaulea. Hakuna mkasi wa Remi ulioruhusiwa kuugusa. Aliukata yeye mwenyewe kila mwaka, akaumwagilia wakati wa ukame kabla ya miche inayowaletea mkate, na mwaka wa pili, siku moja akiteka maji, mti ukamwita. Haukuvuma wala kuchakarisha majani. Ulisema, "Mama," kwa sauti ileile, na kale kamkwaruzo ka kifua kibovu mwishoni. Ndoo ikamponyoka. Na kabla hajafikiri chochote akasikia mdomo wake ukisema, "Nipo, mwanangu."

Wewe usingeitika? Mama gani asingeitika? Ikawa mazoea. Mara moja kwa mwezi, kisha kwa juma, kisha kila alipopita na ndoo. Unaita, anaitika, anaingia ndani kumenya viazi akiwa mwepesi. Hakuona ubaya wowote, mpaka penseli iliposhuka.

Hata baada ya hapo alijitahidi asione. Hilde alikuwa anakohoa, sawa, watoto hukohoa. Nywele zake zilibaki kwenye kitana, sawa, ni majira. Mwezi wa sita ukafika, wa kukata.

Mbuksi hukatwa siku ya mawingu. Jua likiyakuta majani yenye vidonda vibichi huyaunguza, mti ukawa wa njano kama mgonjwa wa ini. Asubuhi hiyo mbingu ilikuwa ya kijivu na nzito, hakuna upepo, na Godelieve akatandika shuka kuukuu chini ya mti, akachovya mkasi kwenye maji ya magadi, akaanza. Mwaka ule alitaka tufe, umbo jepesi kuliko yote, ambalo mkono wake ungelikata amefumba macho. Akazunguka, akakata, akarudi nyuma kutazama. Upande wa kushoto palikuwa na mteremko. Akaukata. Chini ya majani aliyoyaondoa yakatokea majani mengine, na mteremko ule ule, laini, unaoanzia juu palipobana na kushuka pembeni. Akahamia kulia na kuukuta mwenzake. Hapo alishajua anachokitazama. Yalikuwa mabega.

Akasimamisha mkasi. Mkasi ukaendelea kusikika. Kwach, kwach, mara mbili, taratibu, kutoka ndani ya mti, wakati wa kwake umefunguka na umetulia mikononi mwake.

"Mama."

"Nipo," alisema, na saa ya kanisa ikagonga robo baada ya saa nne.

"Baridi."

Akavua shali yake akaufunga mti mabegani. Ndiyo, alifanya hivyo, mwanamke mwenye akili zake, mchana kweupe. Alikuwa bado amesimama palepale, nusu saa baadaye, alipowasikia watu getini, na alipogeuka aliwaona masista wawili wa shule wakisukuma baiskeli, na Hilde amekaa kwenye keria, kichwa kimeangukia mgongo wa sista wa mbele. Walimweleza kwamba mtoto alianguka darasani katikati ya hesabu, saa nne na robo, walikumbuka kwa sababu kengele ya kanisa ilikuwa inagonga.

Daktari alisema damu imepungua. Akaandika dawa ya chuma na maini ya ng'ombe, akaondoka. Godelieve akakaa kitandani kwa binti yake na kumshika mkono, na mkono ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka, umebaridi kama kitu kilicholala nje.

"Mama," Hilde alinong'ona, "usimwitikie tena."

"Nisimwitikie nani?"

"Wannes. Ukimwitikia, mimi nasikia kama mtu ananivuta shuka, lakini shuka lenyewe liko ndani ya mwili."

Godelieve alimuuliza nani kamwambia habari za Wannes, maana jina lile halikutajwa nyumbani tangu siku ya mazishi, Remi hakutaka. Mtoto akageuza uso ukutani.

"Mwenyewe. Anasema hiki kitanda ni chake, mimi nimekishikilia tu."

Kuanzia siku hiyo Godelieve alipita kwenye pampu ameziba masikio kwa vipande vya nta, na bado alisikia. Hakuitika. Lakini mti haukujali tena kama anaitika au haitiki, uliita asubuhi, uliita mchana, na Hilde akawa anameza uji vijiko vitatu, kisha viwili.

Aliyeuliza mwishowe ni Zulma. Alikuja na mayai na mchuzi wa kuku, akapitia mlango wa nyuma kama jirani, na pale kwenye pampu akasimama. Alitazama mti uliovaa shali. Alivuta hewa puani. Kisha akaingia jikoni, akaweka kikapu mezani bila kuketi.

"Ule mti uliutoa wapi, Godelieve?"

Godelieve akafungua mdomo amdanganye, yakatoka machozi, na pamoja nayo yakatoka yote, kitawi na jiko na kidole gumba na miaka ya kuitika. Zulma alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma mwenzake zaidi kuliko kama angemchapa kofi. Alisema tu, "Nilikwambia motoni, mwanangu," akajifunga kitambaa chake na kwenda kumtafuta Padri Amandus.

Huyo Amandus alikuwa mtawa mzee wa ng'ambo ya mto Schelde, aliyekuwa akiwasomea sala ng'ombe wasiotoa maziwa, watoto wasiolala, na watu waliokabwa na vitu ambavyo daktari haviandikii dawa. Wenyeji hawaviiti majini. Hawaviiti kitu chochote, wanaona kukipa jina ni kukipa kiti. Alifika Alhamisi asubuhi kwa baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni, anahema. Remi hakuwepo, alikuwa amekwenda stesheni ya Wetteren kupakia miche ya mteja, na asingerudi kabla ya jioni. Padri akauzunguka mti mara moja tu. Akatandaza mkono wake juu ya majani bila kuyagusa, akautoa upesi kama aliyepitisha juu ya jiko.

"Umekiitikia mara ngapi?"

"Sijui, Padri. Ni miaka minne."

Mzee akaketi kwenye ukingo wa pampu. Akamweleza bila kupamba. Mtoto wake yuko kwa Mungu tangu Jumatatu ile, hajakanyaga tena ua huu. Hiki ni kitu kingine, kilichokuwa kinapita tu, kikakuta mlango umeachwa wazi na mtu ndani anamwita mfu. Kikiita na mtu akaitika, kinapata ruhusa, na kwa ruhusa hiyo kinachukua kutoka kwa aliye hai aliye karibu na damu ile. Kilikuwa kimechukua kimo, kimechukua nywele, kimechukua joto. Kwa Hilde kilibakiza kidogo sana.

"Kinang'olewa na mkono uliokipanda," alisema. "Mwingine yeyote akikigusa ni kazi bure. Mzizi hadi mzizi, mchana, kisha jikoni, motoni, mpaka kiwe majivu. Na utakachosikia, usiitike. Hata kiite kwa sauti ya nani, usiitike."

"Padri, naomba kesho."

"Leo, mwanangu."

"Si itakuwa ni kumzika mara ya pili?"

"Ndiyo," alisema Padri Amandus. "Ndivyo itakavyokuwa."

Akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha Hilde na kitabu chake, na Godelieve akachukua sepetu.

Alichimba mviringo kwanza, kama anavyochimba mti wa kuuza, kwa sababu mikono haikujua njia nyingine, na sepetu lilipoingia mara ya kwanza ua wote ukanyamaza, kuku wakanyamaza, hata maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye pampu yakaacha kudondoka, na ile harufu ya mkojo wa paka ikapanda nzito mpaka macho yakamwaga machozi, na sauti ikasema mama, naye akachimba, ikasema mama baridi, naye akachimba, ikakohoa kile kikohozi cha siku tatu za mwisho, kile chenye mluzi ndani yake, ambacho alikuwa amemwomba Mungu kwa miaka sita asikisikie tena na kwa miaka sita amekitamani akisikie tena, naye akauma ukingo wa aproni yake ili mdomo usije ukafunguka wenyewe, akapiga magoti na kutupa sepetu pembeni na kuifuata mizizi kwa vidole, mizizi myembamba isiyo na idadi, iliyokuwa imekwenda yote upande mmoja, chini ya kizingiti, kuelekea ukuta wa chumba cha Hilde, na ilikuwa na joto, na alipoikata moja ilitetema mkononi kama mkia wa mjusi, na kutoka dirishani juu yake sauti ya Hilde ikapiga yowe, mama njoo, padri amekufa, mama nakufa, njoo, mama, na hakujua, hakuna aliyeweza kujua, kama ni yeye au si yeye, na hakugeuka, alivuta, alivuta kwa uzito wake wote mpaka mti ukatoka na kumwangusha chali ukiwa juu ya kifua chake, mzito, una mabega, unamkumbatia.

Akaubeba hivyo hivyo hadi jikoni. Aliukatakata kwa mkasi wake na kuulisha jiko kitawi kwa kitawi, na mizizi, na udongo ulioshika mizizi, na shali. Ulichukua mpaka saa tisa kuisha. Mara ya mwisho uliita ukiwa ni kisiki cha urefu wa kidole, kwa sauti ya chini sana, bila kulalamika, na hapo Godelieve alilia kwa mara ya kwanza kama anavyolia mtu msibani.

Padri alikuwa mzima. Hilde alikuwa ameketi kitandani, anauliza kama kuna mkate. Alikula vipande vinne na jibini, akaomba cha tano.

Remi aliporudi aliliona shimo kabla hajafungua geti. Godelieve akamweleza yote, hakuacha kitu, hata kuitika na gharama yake. Alitegemea matusi. Mume wake akavua kofia, akauliza swali moja tu, kama mizizi imetoka yote, naye akamjibu yote. Akalifukia shimo, kisha akaenda kwenye banda la vioo nyuma ya ua, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Godelieve akamwacha. Aliona ni zamu yake ya kuomboleza, na kwamba imechelewa miaka sita.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri. Sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane ilipofika, penseli ilipanda juu ya mistari yote, na ya Watakatifu Wote sketi ya Hilde ikabidi ishushwe upindo. Alikimbia, aligombana na wenzake, alichafua nguo. Mama yake alimfokea kwa raha. Wakati mwingine, akipita kwenye pampu, Godelieve alisimama akatega sikio, kisha akajionea haya na kuendelea na ndoo yake. Hakusikia kitu. Alimkumbuka Wannes kama wanavyokumbukwa wafu wengine, na ilimuuma, lakini ulikuwa ni uchungu wa kawaida.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado kwenye mifereji, Hilde akaanza kukohoa.

Siku tatu Godelieve alijiambia ni baridi. Siku ya nne akachana nywele za mtoto na kitana kikajaa. Hakungoja Pasaka. Alimsimamisha mlangoni akiwa bado na usingizi, na kitabu cha sala, na penseli, na mstari ulitoka umepinda, lakini ulikuwa chini. Alimrudisha kitandani. Akatoka nje akiwa ameinua pua kama mbwa. Kwenye pampu, hakuna kitu. Kwenye safu za biashara, hakuna kitu, theluji tu. Alipolikaribia banda la vioo, harufu ikampiga usoni.

Remi alikuwa ndani, ameketi juu ya kasha lililopinduliwa, mwisho kabisa, nyuma ya vyungu vitupu ambavyo hakuna anayevihitaji kabla ya masika. Mbele yake palikuwa na chungu kimoja chenye kifuniko cha kioo. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani, unatanda na kufutika, unatanda na kufutika. Ndani yake kulikuwa na mche wa mbuksi wa miezi minane tu, na tayari ulikuwa umefika urefu wa mkono mpaka kiwiko, umebana juu na kuteremka pande mbili.

Hakushtuka kumwona mkewe. Alionekana kama mtu aliyechoka kungoja akamatwe.

"Nilikiokota kwenye shuka siku ile ulipokata," alisema polepole. "Kilikuwa kizuri, mama Hilde, kimenyooka, kina kisigino. Ningekitupaje? Sikujua kitu. Halafu ulipoung'oa mama yake, nilikuja hapa nikimalize. Nikakishika kabisa. Kikaniita."

"Kilikuita nini?"

"Baba."

Alilitamka neno lile kama mtu anayeonyesha kitu alichokificha mfukoni miaka mingi.

"Wewe alikuita mama mwezi mzima kabla hajatutoka. Mimi hakuwahi. Nilikuwa nikimpakata jioni, namwambia sema baba, sema baba, ananicheka tu. Nikajiambia ataniita kesho. Hakuwahi kuniita, Godelieve."

Hasira yote aliyokuja nayo Godelieve ilimwishia. Akachuchumaa mbele yake, akashika magoti yake.

"Si yeye, Remi."

"Najua."

"Umekiitikia?"

Remi akatazama mikono yake.

"Tangu mwezi wa kwanza, mara moja kwa siku," alisema. "Nilidhani mara moja kwa siku mtoto ataweza."

Hakuna tusi la kiasi hicho katika lugha yoyote, kwa hiyo hakutukana. Alimwambia aking'oe. Mkono wa kukipanda ni wake, wa kuking'oa ni wake, yeye mkewe hawezi kumsaidia, na afanye sasa hivi, hapahapa, wakitie kwenye jiko la banda. Kutoka ng'ambo ya ua, kupitia dirisha la juu, walimsikia Hilde akikohoa, mfululizo, bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Remi alimsikia. Godelieve aliuona uso wake ukimsikia, na uso ule ukawa wa baba yake Hilde tena. Akafunua kioo. Joto na harufu vikawapanda. Akazungushia vidole viwili tu kwenye shina, hakuhitaji zaidi, akaanza kuvuta, na udongo ukapasuka pembeni, na mzizi mweupe wa kwanza ukatokea juu.

"Baba," mti ukasema.

Godelieve alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja na kumbana kwa nguvu zake zote mpaka kichwa chake kikagonga kioo cha ukuta.

Neno likatoka hata hivyo. Alilisikia likiwa la moto ndani ya kiganja chake: naam. Na ng'ambo ya ua kikohozi cha Hilde kikakatika katikati.